Je, vyama vya kwanza vya Marekani ndivyo vilivyowapa wananchi kura?

Mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari ametuandikia hivi: "Kitabu ninachofundishia kinasema kwamba Andrew Jackson na chama chake cha Democratic ndio waliompa Mmarekani wa kawaida haki ya kupiga kura katika miaka ya 1820. Mwanafunzi wangu mmoja amepinga. Anasema amesoma kwamba wanawake na watu weusi walikuwa wakipiga kura New Jersey kabla ya hapo, kisha wakanyang'anywa haki hiyo. Mambo haya mawili yanapatanaje, na vyama vilihusika vipi?"

Mwalimu, mwanafunzi wako yuko sahihi, na kitabu chako kimesema nusu ya habari. Vyama vya mwanzo vya Marekani vilipanua kura pale vilipopiga hesabu na kuona kwamba wapiga kura wapya watakuwa wao, na viliipunguza pale vilipoona kwamba wapiga kura waliopo ni wa upande wa pili. Mara nyingi mambo hayo mawili yalifanywa na watu walewale, na kama tutakavyoona, wakati mwingine ndani ya sheria moja. Jackson alipochaguliwa kuwa rais mwaka 1828, wanaume weupe walio wengi walikwisha kuipata haki ya kura katika majimbo yao. Kazi kubwa ya chama chake ilikuwa kuwafanya waitumie.

Katiba ya mwaka 1787 haikusema nani apige kura. Ilisema tu kwamba mtu anayeruhusiwa na jimbo lake kuchagua wajumbe wa lile baraza la jimbo lenye wajumbe wengi zaidi, huyo huyo ataruhusiwa kuchagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la taifa. Kwa hiyo suala lote liliachwa mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lilikuwa na kipimo chake, vingi vikiwa vya mali. Virginia ilidai ekari 50 za ardhi, au ekari 25 zenye nyumba isiyopungua futi 12 kwa 12. New York ilikuwa na ngazi mbili: mwenye ardhi ya pauni 20, au mpangaji anayelipa shilingi 40 kwa mwaka, alichagua wajumbe wa baraza la chini, lakini gavana na maseneta wa jimbo walichaguliwa na mwenye ardhi ya pauni 100 pekee. Pennsylvania, kwa katiba yake ya 1776, iliridhika na risiti ya kodi. Vermont, katika katiba yake ya 1777, haikudai mali wala kodi.

Watetezi wa kipimo cha mali hawakusema kwamba maskini ni mtu duni. Hoja yao ilikuwa kwamba asiye na chake hana kauli yake: atapiga kura kama anavyotaka mwajiri au mwenye nyumba, na kwa hiyo kumpa kura ni kumwongezea tajiri kura ya pili. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili, katika barua yake kwa James Sullivan ya Mei 1776, aliongeza hofu nyingine, kwamba ukianza kulegeza kipimo hakuna mahali utakapokoma, kwa sababu wanawake watadai kura, vijana ambao hawajafikisha miaka 21 watadai, na kila mtu asiye na senti atataka sauti sawa na mwingine. Tukiangalia yaliyofuata, Adams aliona mbali, ingawa alichokiona kilimtisha.

Vyama vyenyewe vilizaliwa bila kukusudiwa. Katika miaka ya 1790 Alexander Hamilton, akiwa Waziri wa Fedha, alitaka serikali ya taifa ibebe madeni ya majimbo na ianzishe benki. Thomas Jefferson na James Madison wakampinga, na vita vya Ufaransa na Uingereza vikazidisha mpasuko. Kundi la Hamilton na Adams likaitwa Wafederalisti, na la Jefferson likajiita Warepublican, ambao hawana nasaba ya moja kwa moja na chama cha Republican cha leo kilichoanzishwa mwaka 1854. George Washington alipoaga mwaka 1796 alionya dhidi ya roho ya vyama, na onyo lake lilisomwa kwa heshima na pande zote mbili, kisha kila upande ukaendelea kujipanga.

Kwa swali lako, jambo la maana katika uchaguzi wa urais wa 1800, kati ya Adams na Jefferson, ni namna vyama vilivyochezea kanuni. Rais huchaguliwa na wajumbe wa uchaguzi wa kila jimbo, na Katiba iliacha bunge la jimbo liamue wajumbe hao wapatikane vipi. Virginia, ngome ya Jefferson, ilikuwa ikiwachagua wilaya kwa wilaya. Warepublican wakabadilisha ili mshindi wa jimbo zima achukue wajumbe wote, Mfederalisti asipate hata mmoja. Massachusetts, ngome ya Adams, iliwanyima wananchi kura hiyo kabisa na kulipa bunge la jimbo kazi ya kuteua. Mwaka huo majimbo 10 kati ya 16 yalitumia mabunge yao, bila wananchi kuulizwa. Jefferson na mgombea mwenza wake Aaron Burr wakafungana kwa kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 kabla ya kumpata rais, jambo lililozaa Marekebisho ya 12 ya Katiba mwaka 1804. Vitabu hukaa sana kwenye sare hiyo. Mimi ningependa wanafunzi wakae kwenye Virginia na Massachusetts, kwa sababu hapo vyama viwili vilivyojidai kuwa na imani tofauti vilifanya jambo lilelile ndani ya mwaka mmoja.

Sasa twende New Jersey, ambako mwanafunzi wako anakutaka uende. Katiba ya jimbo hilo ya 1776 ilitoa kura kwa wakazi wote wa umri wa utu uzima wenye mali ya pauni 50, bila kutaja jinsia wala rangi. Sheria ya uchaguzi ya 1790 ikafafanua kwa kumtaja mpiga kura kuwa mwanamume au mwanamke, katika baadhi ya wilaya za jimbo, na ile ya 1797 ikaeneza utaratibu huo jimbo zima. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kufaidika, kwa kuwa mali yake ilihesabiwa kisheria kuwa ya mumewe. Waliopiga kura walikuwa wajane na wasioolewa. Nao walipiga kura kweli. Orodha za wapiga kura zilizochunguzwa miaka ya karibuni zina majina ya wanawake zaidi ya 100, na orodha moja ya Oktoba 1801, kutoka kitongoji cha Montgomery, peke yake ina wanawake zaidi ya 40. Watu weusi huru waliotimiza kipimo cha mali walipiga kura pamoja nao.

Vyama ndivyo vilivyowafuata wanawake hao. Mwaka 1797, katika wilaya ya Essex, Wafederalisti wa Elizabethtown waliwakusanya wanawake kumpigia kura mgombea wao, William Crane, dhidi ya John Condict wa Newark, aliyeponea chupuchupu. Tangu hapo kila upande ulilalamika juu ya kura za wanawake uliposhindwa na kunyamaza uliposhinda. Kisha Februari 1807 Essex ikapiga kura kuamua mahakama mpya ijengwe wapi, Newark au Elizabethtown. Watu walipiga kura zaidi ya mara moja, wavulana walipiga kura, na zikaenea habari za wanaume waliovaa magauni ili wapige tena. Kura zilizohesabiwa zilizidi kwa mbali idadi ya watu waliostahili, hata bunge la jimbo likayafuta matokeo.

Waliofanya udanganyifu katika mkasa ule walikuwa watu wa aina zote, na wanaume weupe wakiwa wengi wao, lakini lawama ilipewa wasio na mtetezi. Novemba mwaka huohuo bunge la New Jersey, lililokuwa chini ya Warepublican, lilipitisha sheria kwamba mpiga kura ni raia mwanamume mweupe aliye huru. Wanawake wakatoka, watu weusi wakatoka, na wageni wasio raia wakatoka. Hesabu za chama zilikuwa bayana, kwa kuwa kura ya mwanamke ilidhaniwa kuwa ya Wafederalisti, na Warepublican wenyewe walikuwa wamegawanyika wakihitaji kitu cha kuwapatanisha kabla ya uchaguzi uliofuata. Lakini usiishie hapo, kwa sababu sheria hiyohiyo ilisema kwamba mwanamume mweupe yeyote anayelipa kodi atahesabiwa kuwa ametimiza zile pauni 50. Maskini mweupe akapata kura kwa sheria ileile iliyomvua mjane mwenye shamba haki aliyokuwa akiitumia. Wala haikuwa New Jersey pekee: Maryland, miaka mitano kabla, ilikuwa imefuta kipimo cha mali kwa weupe na papo hapo ikawafungia mlango watu weusi huru ambao hadi hapo waliweza kupiga kura.

Siyo kila upanuzi ulitokana na hila za vyama, na nisingependa ufundishe hivyo. Majimbo mapya ya magharibi, kama Indiana mwaka 1816 na Illinois mwaka 1818, hayakuweka kipimo cha mali kwa sababu yalitaka walowezi, na huwezi kumwita mtu aje kufyeka msitu kisha ukamwambia hana kura. Vita vya 1812 navyo viliacha swali gumu: kijana aliyeitwa kwenye mgambo kulinda nchi anakataliwaje kwenye sanduku la kura? Mwaka 1829 wakazi wa Richmond wasio na ardhi walipeleka waraka wao kwenye mkutano wa katiba wa Virginia, ukawasilishwa na Jaji Mkuu John Marshall mwenyewe. Waliandika kwa kejeli kali kwamba ikiwa wasio na ardhi wamefukuzwa vituoni wakati wa amani, walau wakati wa vita wamealikwa kwa ukarimu kwenda uwanja wa mapigano. Virginia haikuwasikiliza sawasawa. Wanaume weupe wote wa jimbo hilo walipata kura kwa katiba ya 1851.

Ukitaka kuona vyama vikifanya kazi hii mchana kweupe, soma mkutano wa katiba wa New York uliofanyika Albany mwaka 1821. Upande wenye nguvu ulikuwa wa Martin Van Buren, mwanasheria kutoka Kinderhook, mtoto wa mwenye kilabu cha pombe, aliyekuja kuwa fundi mkuu wa chama cha Democratic na baadaye rais. Upande wa pili alikuwapo James Kent, jaji mkongwe na Mfederalisti, aliyesimama kutetea kwamba Seneti ya jimbo iendelee kuchaguliwa na wenye ardhi. Alisema jiji la New York litajaa viwanda na vibarua, na kwamba mkulima atakuja kutawaliwa na umati usio na cha kupoteza. Kent alishindwa. Mwanamume mweupe akaruhusiwa kupiga kura kama amelipa kodi, ametumikia mgambo, au amefanya kazi ya kutengeneza barabara za umma, na masharti hayo nayo yakafutwa mwaka 1826.

Katika mkutano huohuo kamati ilipendekeza kura iwe ya weupe tu. Aliyesimama kuiondoa sifa hiyo ya rangi ni Peter Jay, mtoto wa gavana wa zamani John Jay, Mfederalisti, na akashinda kwa kura 63 dhidi ya 59. Hili huwashangaza wanafunzi, kwamba wale waliopinga kura ya maskini ndio walioitetea kura ya mweusi. Walikuwa na imani yao, na pia walikuwa na hesabu yao. Ni gavana Jay aliyesaini sheria ya 1799 ya kukomesha utumwa taratibu New York, na watu weusi huru hawakulisahau hilo, kwa hiyo kura zao nyingi zilikwenda kwa Wafederalisti. Upande wa Van Buren uliijua hesabu hiyo vizuri. Baada ya kushindwa kuwafungia mlango moja kwa moja, ulipitia dirishani: mwanamume mweusi atapiga kura ikiwa ana ardhi ya thamani ya dola 250 na ameishi jimboni miaka 3, wakati mweupe alitakiwa mwaka 1 na hakutakiwa kuwa na ardhi yoyote. Van Buren mwenyewe alikuwa amekataa wazo la kuwanyima kabisa, kisha akaunga mkono sharti la mali. Wananchi wa New York walipoulizwa kama sharti hilo liondolewe, mwaka 1846 na tena 1860, walikataa.

Kwa hiyo Jackson alikuta nini? Mwaka 1824 aliongoza kwa kura za wajumbe 99 dhidi ya 84 za John Quincy Adams, mtoto wa yule John Adams, lakini hakufikia nusu, na Baraza la Wawakilishi likamchagua Adams, ambaye alimteua Spika Henry Clay, aliyemuunga mkono, kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Hasira ya wafuasi wa Jackson ilikuwa mtaji mkubwa wa kisiasa, na Van Buren alijua kuutumia. Alijenga muungano wa wakulima wa Kusini na watu wa kawaida wa Kaskazini, wenye kamati za wilaya, magazeti ya chama, mikutano ya hadhara na takrima ya kutosha, na kwa heshima ya jina la utani la Jackson, "Mzee Hikori", walisimamisha nguzo za mti wa hikori kwenye viwanja vya miji. Mwaka 1824 watu wapatao 360,000 tu walipiga kura ya urais nchi nzima. Mwaka 1828 walizidi milioni 1.1. Ongezeko hilo halikutokana na kufutwa kwa vipimo vya mali katika miaka hiyo minne. Lilitokana na ushindani uliosisimua watu, na vilevile kwa kuwa majimbo mengi yalikuwa yamewaachia wananchi kuchagua wajumbe wa uchaguzi: mwaka 1824 majimbo 6 kati ya 24 bado yalitumia mabunge, na mwaka 1828 yalibaki mawili, Delaware na South Carolina. Kufikia 1840 wapinzani wa Democratic, waliojiita Whig, waliiga mbinu zote hizo na kumnadi William Henry Harrison, mtoto wa ukoo wa kitajiri wa Virginia, kama mtu wa kibanda cha magogo. Takriban asilimia 80 ya waliokuwa na haki walijitokeza.

Waeleze wanafunzi pia kura yenyewe ilipigwaje, maana wengi huwaza kituo cha leo chenye pazia. Serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha yake, yenye majina ya wagombea wake pekee, mara nyingi ya rangi yake, na mpambe alimkabidhi mpiga kura njiani akamsindikiza kwa macho hadi kwenye sanduku. Katika Virginia na Kentucky hapakuwa hata na karatasi, kwani mtu alisimama mbele ya umati na kutamka jina la anayemchagua. Ile hofu ya zamani, kwamba maskini atapiga kura kama anavyotaka mwajiri, ilikuwa na msingi wake, isipokuwa kwamba dawa yake ilikuwa siri ya kura, na hiyo vyama havikuwa na haraka nayo.

Pennsylvania inatoa mfano wa baadaye. Mwaka 1837, katika wilaya ya Bucks, wagombea wa Democratic walioshindwa kwa kura chache walidai kwamba kura za watu weusi ndizo zilizowaangusha, na jaji wa huko akakubali kwamba mweusi hana haki ya kura. Mkutano wa katiba wa jimbo uliokuwa ukiendelea wakati huo ukaingiza sharti la rangi. Robert Purvis wa Philadelphia akaandika rufaa kwa niaba ya raia 40,000 weusi wa jimbo hilo, akikumbusha kwamba walilipa kodi na walipiga kura chini ya katiba iliyokuwapo. Katiba mpya ikapita Oktoba 1838 kwa tofauti ya kura elfu moja na kidogo. Kufikia 1855 mwanamume mweusi aliweza kupiga kura sawa na mweupe katika majimbo 5 tu, yote ya kaskazini mashariki: Maine, New Hampshire, Vermont, Massachusetts na Rhode Island.

Hilo la mwisho lina kisa chake. Rhode Island ilikuwa bado inatawaliwa kwa hati ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1663, na kipimo chake kilikuwa ardhi ya dola 134, wakati Providence ilikwisha kujaa viwanda na wafanyakazi wasio na shamba. Thomas Dorr, mwanasheria wa familia ya kitajiri, aliongoza vuguvugu lililoitisha mkutano wa katiba bila idhini ya serikali mwaka 1841. Dorr alitaka watu weusi nao wapewe kura. Wenzake, wakiogopa kupoteza wafuasi, walimshinda wakaandika kura iwe ya weupe. Aprili 1842 jimbo likawa na magavana wawili, Dorr na Samuel Ward King, na usiku mmoja wa Mei Dorr alijaribu kuteka ghala la silaha la Providence kwa mizinga iliyokataa kulipuka. Watu weusi wa Providence, waliokataliwa na wanamageuzi, walijiunga na upande wa serikali. Takriban 200 walijitolea kulinda mji.

Serikali iliwalipa. Katiba mpya iliyoanza kutumika Mei 1843 iliwapa wanaume weusi kura sawa na weupe wazaliwa wa Marekani, ambao sasa asiye na ardhi alitakiwa kulipa dola 1 au kutumikia mgambo. Sharti la ardhi ya dola 134 lilibaki kwa raia wa kuandikishwa, yaani wahamiaji waliopewa uraia, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland wafanyao kazi viwandani na walioonekana kuwa mtaji wa chama cha Democratic. Dorr alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu mwaka 1844, akaachiwa mwaka uliofuata. Wahamiaji wa Ireland na watoto wao waliozaliwa ng'ambo waliendelea kudaiwa ardhi hadi mwaka 1888.